Rimoti ya AC Apewe Anayekaa Upeponi

Saa nne kasoro robo asubuhi, ofisi ya uhasibu, ghorofa ya tatu, katikati ya Dar es Salaam. Ni mwezi wa pili na joto la kaskazi limekolea. Dada mmoja amejitanda khanga mabegani juu ya blauzi, mikono ameibana katikati ya magoti. Meza ya tatu kutoka kwake, kaka aliyeingia sasa hivi kutoka kituo cha mwendokasi anajipepea kwa bahasha ya kaki. Anainuka, anachukua rimoti juu ya kabati, anabonyeza. AC haiitiki. Anafungua kifuniko cha nyuma.

Betri hazimo.

Wote humo ndani wanajua zimo kwenye mkoba wa nani, na hakuna anayesema.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, ingawa si geni. Ofisi nyingi zina namna yake ya vita hivi: rimoti iliyofungiwa kwenye droo ya bosi, kadibodi iliyobandikwa mdomoni mwa AC, karatasi yenye herufi kubwa USIGUSE. Kinachonisumbua ni kwamba wote wawili husema kweli. Huyu anaganda na yule anatokwa jasho, ndani ya chumba kimoja, saa ile ile. Halafu ugomvi unageuzwa kuwa wa tabia. Mmoja anaitwa mbinafsi, mwingine anaambiwa anajidekeza, na baada ya miezi michache hawasalimiani vizuri hata kwenye mambo yasiyohusu baridi.

Nataka kuutetea msimamo ambao maofisa utawala wengi hawataupenda. Chumba kipangwe kwa kumfuata anayesikia baridi, na anayesikia joto apewe upepo wake. Wengi hufanya kinyume.

## Namba ya kwenye rimoti inapimwa wapi

Namba unayoiona kwenye rimoti ni agizo, haikupi kipimo cha hewa ya mezani kwako. Sensa ya AC ya ukutani kwa kawaida imo ndani ya mashine yenyewe, pale hewa inapovutwa kupita kwenye filta. Maana yake AC inapima hewa ya karibu na dari, mita mbili na zaidi kutoka sakafuni, kisha inaamua kama chumba kimepoa. Hewa ya juu huwa na joto kuliko ya chini. Mashine inaendelea kupuliza huku waliokaa wameshaanza kutafuta masweta.

Kuna lingine kubwa zaidi. AC iliyo nzima hutoa hewa iliyo chini ya ile inayoivuta kwa nyuzi 8 hadi 12. Ikivuta hewa ya nyuzi 25, inatema hewa ya nyuzi 13 hadi 17. Ikiwa meza yako iko kwenye njia ya hewa hiyo, shingo yako inaishi kwenye nyuzi kumi na kitu hata kama rimoti imeandika 24. Mwenzako wa kona ya pili, nyuma ya kabati la mafaili, hapati kabisa upepo huo. Anaona namba 24, anasikia 28, na anaamini kwamba wewe unatia chumvi.

Kisha kuna jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita juu ya vichwa vyetu mchana na linaingia ofisini kwa ubavu asubuhi na jioni. Vyumba vyenye vioo vya magharibi vinaungua kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Aliyekaa pembeni ya kioo kilichopata moto anapokea joto la kioo moja kwa moja mwilini, hata kama hewa inayomzunguka ni baridi. Hilo rimoti haiwezi kulimaliza. Linamalizwa na kivuli, na kivuli cha nje ya kioo kina nguvu kuliko pazia la ndani, kwa sababu pazia la ndani linalizuia joto likiwa limeshaingia.

Mwaka 1970 mtafiti wa Denmark, P. O. Fanger, alichapisha hesabu ya namna mwili unavyosikia joto na baridi, akaijenga juu ya mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta na vioo, mwendo wa hewa, unyevu, nguo, na kazi mwili unayoifanya. Viwango vya joto linalofaa ndani ya majengo, ASHRAE 55 cha Marekani na ISO 7730 cha kimataifa, vimesimama juu ya hesabu hiyo. Hesabu yenyewe inakubali kwamba hata ukipanga kila kitu sawasawa, karibu watu 5 kati ya 100 hawataridhika.

Sisi tunagombania jambo moja kati ya sita, tena tunalisoma mahali pasipo sahihi.

## Pima kwanza, kikao baadaye

Kabla ya kuitisha kikao, nunua vipimajoto vinne vidogo vya kidijitali, vile vinavyoonyesha joto na unyevu pamoja. Vyote vinne viweke kwanza meza moja kwa saa moja, uone kama vinakubaliana. Kinachotofautiana na wenzake kiandike kwa kiasi kinachotofautiana, maana vya bei nafuu hukosea hata kwa nyuzi moja.

Halafu vigawe: kimoja kwenye meza inayopigwa na upepo wa AC, kimoja kona ya mbali, kimoja karibu na dirisha lakini nje ya mwale wa jua, na kimoja kwa anayelalamika zaidi. Viwe kwenye urefu wa mtu aliyekaa, kati ya sentimita 60 na mita 1.1 kutoka sakafuni. Usikiweke juu ya kompyuta wala karibu na printa. Andika namba saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, kwa siku tano za kazi. Pembeni ya kila namba andika unyevu, kwa sababu huku pwani unyevu ni nusu ya ugomvi. Nyuzi 26 kwenye unyevu wa asilimia 50 ni hali nzuri ya kufanyia kazi. Nyuzi 24 kwenye unyevu wa asilimia 75 zinakuacha unanata.

Upepo nao una kipimo chake cha bei rahisi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, urefu wa kiganja, ushike usawa wa shingo ya mtu aliyekaa. Ukining'inia wima, hapo pana utulivu. Ukilala upande, huyo mtu anapigwa na hewa kutwa nzima. Ukitaka kuona njia nzima ya hewa, washa kijiti cha udi baada ya watu kutoka, pasipo mwenye pumu na pasipo king'ora cha moshi, ukitembeze kutoka mdomo wa AC kwenda mezani. Moshi utakuonyesha baridi inaangukia wapi.

Chora chumba kwenye karatasi moja na ujaze namba. Tofauti ya nyuzi 4 au 5 kati ya meza na meza ikionekana kwenye mchoro, mazungumzo yanabadilika. Anayeganda haonekani tena kama mlalamishi.

## Mashine kabla ya watu

Sehemu kubwa ya ugomvi ninaoujua unapungua hapa, kabla hata hujamgusa mtu.

Anza na filta. Zima AC kwenye swichi ya ukutani, inua kifuniko cha mbele, toa filta, zioshe kwa maji na sabuni kidogo, zianike kivulini kwa sababu jua kali linakunja plastiki. Ofisi iliyo kando ya barabara yenye vumbi ifanye hivyo kila wiki mbili, nyingine kila mwezi. Filta iliyoziba inapunguza hewa inayopita, koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa, inapoa kupita kiasi, inashika barafu, kisha barafu inayeyuka na maji yanadondokea mezani kwa mtu. Watu wa mbali wanasikia joto kwa sababu upepo hauwafikii, wanashusha namba hadi 16, na barafu inaongezeka.

Barafu ikirudi hata baada ya kuosha filta, ita fundi akague gesi. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Imo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kuongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta panapovuja anakula fedha ya ofisi.

Pili, mapezi ya mdomoni, vile vibao vinavyoelekeza hewa. Kwa baridi yaelekeze juu, yawe karibu sambamba na dari, hewa itambae juu halafu ishuke taratibu ikiwa imechanganyika. Wengi huyaelekeza chini wakidhani baridi itafika haraka. Inafika kweli, kwa mtu mmoja.

Tatu, mwendo wa feni ya AC. Hapa watu hukosea kwa nia njema: mtu aliyekaa chini ya AC akilalamika, wanapunguza feni. Feni ikiwa ndogo, hewa baridi inakosa nguvu ya kusafiri na inamwangukia yule yule aliye karibu. Nyuzi 25 na feni kubwa, mapezi yakiwa juu, humtesa kidogo kuliko nyuzi 21 na feni ndogo. Gharama yake ni kwamba feni kubwa hukausha unyevu kidogo kidogo tu, kwa hiyo siku za mvua za masika jaribu ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ambayo kazi yake ni kukausha hewa.

Nne, AC mbili au zaidi kwenye ukumbi mmoja. Hili ndilo ninaloliona mara nyingi, na ndilo linaloachwa. Moja imewekwa 18, nyingine 26, kila kundi na rimoti yake. Ile ya 18 inabeba mzigo wa ukumbi mzima bila kupumzika, na walio chini yake wanaganda. Ile ya 26 inaona hewa imeshapoa, inazima kompresa, pampu inayozungusha gesi ya kupoza, na kubaki kupuliza hewa tu. Walio upande wake wanalalamika kwamba AC yao mbovu. Ziweke zote namba moja, kwa mfano 25, uziache hivyo siku mbili nzima kabla ya kuhukumu.

Kuhusu 16. AC ya kawaida, isiyo ya inverta, kompresa yake ama inafanya kazi ama imezima. Ukiweka 16 au 24, baridi inayotoka dakika ya kwanza ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwa 24 kuna mahali itasimama. Ya inverta, ambayo kompresa yake hubadili mwendo, itaongeza mwendo kidogo mwanzoni, lakini nayo ukiiacha kwenye 16 haitatulia mapema.

Kadibodi iliyobandikwa mdomoni iondolewe leo. Inapoa, unyevu unageuka matone juu yake, inalowa na kuanguka, na inabana hewa kiasi cha kurudisha barafu kwenye koili. Kama lazima upepo ukingwe, kifungwe kibao cha plastiki kilichosimama mbele ya mdomo kwa nafasi, kisichoziba, kinachorusha hewa juu.

Na kuna AC iliyo kubwa mno. Mtu anaamini AC ya 24,000 BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza, ni bora kuliko ya 12,000 kwenye chumba cha mita 4 kwa 4. Mashine hiyo inapoza chumba kwa dakika chache, inazima, na haipati muda wa kuvuta unyevu. Baada ya muda mfupi watu wanasikia baridi yenye unyevunyevu, wanachukia, wanashusha namba tena. Hapo hakuna makubaliano yatakayosaidia. Mashine ni kosa la siku ya kununua, na ikifika wakati wa kuibadilisha, inunuliwe ndogo.

## "Avae sweta"

Hoja hii ina nguvu, na niliifikiria kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Husemwa hivi: anayesikia baridi anaweza kuongeza nguo, lakini anayesikia joto hawezi kuvua zaidi ya alizovaa. Kwa hiyo chumba kiwe baridi.

Ni kweli kwa sehemu. Kwenye vipimo, nguo huhesabiwa kwa kipimo kiitwacho klo. Suti kamili na tai ni karibu klo 1, gauni jepesi au shati la mikono mifupi na suruali nyepesi ni karibu 0.5. Kila tofauti ya 0.1 ni sawa na nyuzi 0.6 ya joto hivi. Kwa hiyo mwenye suti na mwenye gauni jepesi wametengana kwa karibu nyuzi 3 kabla hatujazungumzia miili yao.

Lakini sweta halifuniki vidole. Mtu anayeandika hesabu kutwa kwenye nyuzi 19 vidole vyake vinakufa ganzi hata akiwa na koti. Wala halifuniki uso, wala halizuii miguu kuganda chini ya meza. Na tunamwomba mtu avae nguo za Mbeya mwezi wa saba, ndani ya Dar mwezi wa pili, halafu atoke nazo saa saba kwenda kula.

Sasa tazama upande wa pili. Je, ni kweli anayesikia joto hana la kufanya? Feni ndogo ya mezani ya wati 30 au 40, ikimfikishia hewa ya mwendo wa karibu mita 0.8 kwa sekunde, inamfanya asikie kama hewa imepoa kwa nyuzi 2 hadi 3. Inampiga yeye peke yake. AC ya 18,000 BTU ya kawaida inakula zaidi ya wati 1,500 kompresa ikizunguka, na inawapiga wote. Baridi ya chumba haigawanyiki, upepo unagawanyika. Hapo ndipo nilipobadilisha upande.

Weka chumba nyuzi 25 au 26, mpe feni kila anayeitaka, bila kumwuliza sababu.

Na pale ambapo pangaboi bado lipo, liwashwe taratibu. Ofisi nyingi ziliyang'oa zilipopachika dari za jipsamu na AC, na naona tulipoteza kitu cha maana. Pangaboi linalozunguka polepole linachanganya hewa, linauvunja ule mkondo wa baridi kabla haujamfikia mtu, na linaruhusu AC kupandishwa hadi 26 bila mtu kulalamika.

Nguo nazo ni sera, haziko juu ya mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 2005 serikali ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz: ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi waache tai na koti. Kule walielewa kwamba huwezi kupandisha namba ukiwa umewalazimisha wanaume kuvaa suti ya sufu. Sisi tunayo Kaunda suti, ya mikono mifupi, isiyo na tai, yenye heshima zake zote kazini. Inasikitisha kwamba mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya aliipiga marufuku bungeni. India ilikwenda njia nyingine: tangu Januari 2020 AC za vyumba zinazouzwa huko zinatakiwa kutoka kiwandani zikiwa zimewekwa nyuzi 24, na taasisi yao ya matumizi bora ya nishati ilieleza kwamba kila nyuzi moja inayopandishwa huokoa karibu asilimia 6 ya umeme. Kwa ofisi inayonunua umeme wa Luku, hilo pia lina uzito.

Kuna la wanawake na wanaume, na halitakiwi kufanyiwa mzaha. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba viwango vya joto vya ofisi vilitumia kipimo cha mwili wa mwanamume wa kilo 70, mwenye miaka 40, na kwamba joto ambalo mwili wa mwanamke huzalisha akiwa amekaa kazini linaweza kukadiriwa zaidi ya ukweli kwa hadi asilimia 35. Mwili unaozalisha joto kidogo unahitaji hewa yenye joto zaidi. Dada aliyejitanda khanga hajidekezi.

## Ambaye hatasema kwa nini

Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Wengi sasa wanakua, wanasoma, wanaajiriwa. Wako maofisini. Kwa mwenye selimundu, baridi inayompiga mwilini ni moja ya vitu vinavyoweza kuamsha maumivu makali ya mifupa na viungo, yale yanayompeleka mtu hospitali. Wengi hawasemi kazini, kwa kuogopa kuonekana wagonjwa, kupewa kazi ndogo au kuulizwa maswali.

Mwenye pumu anajua hewa baridi na kavu inavyombana kifua. Mwenye baridi yabisi anajua vidole vyake saa tatu asubuhi. Upande wa joto nao wapo: mjamzito, mama anayekoma hedhi anayepandwa na joto la ghafla, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

Ofisi ikisema "mwenye sababu ya kiafya alete cheti", inawalazimisha watu hawa kuchagua kati ya siri yao na mwili wao.

Kwa hiyo ofisa utawala amfuate kila mtu kwa faragha, amwulize swali moja tu: "Dada, ungependa kukaa upande wa joto au upande wa baridi?" Bosi naye aulizwe. Asiulize "una tatizo gani?" Kisha achukue ule mchoro wa chumba na kuhamisha meza. Idara kukaa pamoja ni jambo zuri, lakini watu wawili wa idara moja wanaweza kukaa mbali kwa hatua kumi bila kazi kuharibika.

## Kura haifai

Niliwahi kudhani kura ndiyo haki. Watu kumi na mmoja, wanane wanataka 20, watatu wanataka 26, biashara imekwisha.

Lakini kura ya uchaguzi ina muda wake. Hii ya AC inawashinda watu wale wale watatu, kwa muda wa saa nane kila siku, mwaka mzima, na kwa kawaida ndio waliokaa mahali pabaya. Wanane wanapiga kura wakiwa mbali na mdomo wa AC. Hawalipi gharama ya wanachokiamua.

Ndipo likaja wazo la kichwa cha makala haya. Rimoti akae nayo yule anayepigwa na upepo zaidi, kwa sababu kosa lolote la namba linamfikia yeye kwanza. Mtu ataniuliza: si ataweka 29? Ndiyo maana anapewa mipaka. Andikeni ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani, wenye maneno kama haya: AC zote kati ya 24 na 26. Mabadiliko ni nyuzi moja kwa mara moja, kisha dakika 20 za kusubiri. Mapezi juu, hayaguswi. Rimoti inafuata kiti, si mtu. Aliyekaa hapo akienda likizo, anayekalia kiti hicho anaishika. Akihamishwa meza, inabaki.

Ongezeni kanuni moja kwa wanaotoka juani. Mtu aliyetembea kutoka kituoni saa sita mchana mwili wake bado unatoa joto, na utahitaji dakika 15 hadi 30 kutulia. Huyo ndiye anayeshusha namba hadi 16 na kuisahau. Wekeni kiti kimoja na feni ya kusimama karibu na mlango. Anayeingia akae hapo, anywe maji, na asiguse rimoti mpaka jasho likauke. Mwambieni hivyo siku ya kwanza ya kazi, pamoja na mahali chai ilipo.

## Nairobi mwezi wa saba

Kule ugomvi unageuka. Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi ni baridi, ofisi nyingi hazina mtambo wa joto, na vita ni vya dirisha na hita. Mmoja anataka hewa, mwingine amejifunika shuka la Kimaasai.

Hita ya mezani ndiyo hatari. Ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 8. Ukichomeka mbili kwenye ekstensheni moja yenye plagi ya ampea 13, umevuka kiwango chake, na waya unaanza kuyeyuka chini ya zulia ambako hakuna anayeona. Kila hita iwe na soketi yake ya ukutani, mbali na karatasi, na izimwe mtu akitoka. Bora zaidi ni chupa ya maji ya moto mapajani, au mkeka wa miguu wa umeme unaokula wati chini ya 100, kwa sababu miguu ndiyo inayoganda kwanza. Dirisha lifunguliwe lote kwa dakika tano kila saa, badala ya kuachwa wazi kidogo kutwa nzima likimpuliza mtu mmoja mgongoni.

## Jengo likiwa na mtambo mmoja

Wapangaji wa majengo makubwa hawana rimoti kabisa. Hewa inatoka darini na namba iko kwa meneja wa jengo. Kumpigia simu kusema "tunaganda" hakusaidii, maana ghorofa ya juu wanampigia kusema wanaungua.

Mpelekeeni barua yenye ule mchoro na namba za siku tano, pamoja na saa zake. Ombeni mambo matatu kwa majina yake: apunguze hewa kwenye tundu fulani la darini (yana kilango cha kurekebisha ndani, fundi anapanda ngazi na kukizungusha), akague sensa ya ghorofa yenu kama imewekwa karibu na mashine ya fotokopi au kwenye ukuta unaopigwa na jua, na aeleze mtambo unawashwa na kuzimwa saa ngapi. Sensa iliyokaa juu ya printa inadhani ghorofa nzima ina moto, na hapo hata meneja atashangaa kuona kwa nini mnaganda. Barua yenu itaje namba ya kila meza iliyopimwa, na nakala abaki nayo ofisa utawala, ili fundi akishamaliza mpime tena meza zile zile.